Mawe ya Dirisha la Malalamiko

Mtu wa kwanza kwenye foleni asubuhi ile alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kulalamikia bomba lililopasuka mtaani kwao. Aliweka kofia yake juu ya kaunta, akakohoa, akaeleza habari ya bomba tangu lilipoanza kuvuja hadi lilipogeuza uchochoro kuwa tope. Alipomaliza, juu ya kaunta palikuwa na jiwe la kijivu lenye ukubwa wa ngumi, lenye ubaridi wa kitu kilichokaa kivulini muda mrefu. Mwalimu alilisogeza kwa kiwiko ili aichukue kofia yake. Karani wa dirisha aligonga muhuri kwenye karatasi ya mwalimu, muhuri uliosomeka YAMESIKILIZWA, akampungia mkono mtu aliyefuata.

Karani huyo alikuwa kiziwi. Homa ya utotoni ilimwachia macho makali na vidole vyepesi, ikaondoka na mengine. Kabla ya kuketishwa dirishani alikuwa mwashi, na watu wote waliendelea kumwita Mwashi hata baada ya kuvalishwa shati la ofisi. Wasimamizi wa majengo walikuwa wamemkataa mmoja baada ya mwingine, kwa hoja kwamba hatasikia akipigiwa kelele tofali likianguka. Mwashi aliwahi kuwajibu, kwa kuandika kwa mkaa ukutani, kwamba waliokwisha kuangukiwa na matofali wote walikuwa na masikio. Jibu hilo halikumpatia kazi.

Ndipo serikali ilipotangaza Mpango wa Ajira kwa Watu Wenye Ulemavu, na kuagiza kila idara iwe imempata angalau mtu mmoja kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Mkuu wa Kitengo, bwana mwenye leso mbili, moja ya uso na moja ya viatu, alimtazama Mwashi kutoka unyayoni hadi utosini, kisha akawageukia wenzake mezani.

"Dirishani," alisema. "Hapo ndipo pake. Aliyekuwapo alipata shinikizo la damu. Aliyekuwa kabla yake aliacha kazi akaenda kufuga kuku. Huyu wataongea mpaka wakauke mate, na jioni atarudi nyumbani mzima kama alivyokuja."

Wenzake walicheka. Mwashi alikuwa akimsoma midomo tangu mwanzo. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kwa sababu kazi ni kazi, na nyumbani hapakuwa na mbele wala nyuma.

Mawe hayakuanza na yeye. Yalikuwa yakianguka kwenye kaunta ile tangu jengo lilipofunguliwa, ila makarani waliotangulia, kwa kuwa walikuwa na masikio, hawakuona sababu ya kutazama chini. Kila jioni mfagiaji aliyakusanya kwenye ndoo, akayamwaga nyuma ya jengo. Lundo lilikuwa limefika kwenye vizingiti vya madirisha ya chini, na Mkuu alikuwa akilaani kila alipotaka kugeuza gari.

Mwashi alitazama chini. Midomo ilimpa nusu tu ya maneno, na nusu iliyobaki ilikuwa pale juu ya kaunta. Aliliinua kila jiwe, akalipima kwa kiganja, akalipapasa kingo, huku akimtazama usoni aliyelileta. Baada ya muda mfupi aliyajua. Malalamiko ya maji yalikuwa na vitundu vidogo vidogo. Ya ardhi yalikuwa mapana na mazito, yakitaka mikono miwili. Ya watu waliopigwa danadana kutoka ofisi hii hadi ile, mpaka wakasahau walichokuwa wakitafuta, yalitoka kama kokoto. Watu waliondoka dirishani wakiwa wameinua mabega kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza mtumishi wa serikali kuyashika kwa mikono mambo waliyoyasema.

Jiwe lililomkosesha Mwashi usingizi lilikuwa likianguka chini kabisa, mguuni pa ngazi.

Aliyekuwa akiliangusha alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye ugonjwa wa kupooza ulimpata kabla hajajifunza kutembea. Alikuwa fundi cherehani. Kola aliyoishona yeye ilikaa shingoni kama imezaliwa hapo, na matundu yake ya vifungo yalikuwa sawasawa kiasi kwamba mafundi wengine waliyageuza nje ndani kutafuta kosa. Ng'ambo ya barabara, mkabala na jengo la ofisi, kulikuwa na karakana ya serikali ya kushona sare. Mlango wake ulikuwa mpana, sakafu yake ilikuwa sawa na barabara, na karibu na dirisha palikuwa na cherehani ya mkono iliyofunikwa kitambaa, ikimngojea mtu wa Mpango. Shemeji alishajaribiwa juu ya cherehani hiyo, na msimamizi wa karakana alimkubali kabla hajamaliza mfuko wa kwanza wa shati. Lililobaki lilikuwa moja tu: aonekane mbele ya meza ya Mkuu, ghorofani, agongewe muhuri.

Lifti haikuwapo. Fedha za lifti zilikuwa zimetumika kwenye warsha ya kuhamasisha watumishi juu ya umuhimu wa lifti.

Kila asubuhi, kwa hiyo, Shemeji alifuatana na Mwashi hadi ofisini, na Mwashi alipopanda, yeye alibaki chini na mlinzi wa mlangoni.

"Leo vipi, mlinzi? Ngazi zimeshuka?"

"Bado, dada. Zimeamka vibaya."

"Basi kamwambie Mkuu ashuke yeye. Ana miguu miwili mizima na hana anapoipeleka."

"Nilishamwambia. Anasema yeye kushuka si tatizo, ila muhuri haushuki ngazi. Ni kanuni."

"Nibebeni, basi. Mwashi huyu alikuwa akibeba mifuko ya saruji, mimi sifiki mfuko mmoja na nusu."

Mlinzi alitikisa kichwa. Hilo pia alikuwa ameshaliuliza. Zamani, watu walikuwa wakiwatuma wajomba na mabinamu kujiandikisha kwa niaba yao, ndipo ikaamuliwa kwamba mwombaji afike mezani yeye mwenyewe, kwa uwezo wake mwenyewe. Aliyebebwa alihesabiwa kuwa amewakilishwa.

Hapo Shemeji alisema aliyokuwa nayo, na jiwe likaanguka miguuni pa mlinzi. Mlinzi alilitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Alimshukuru.

Jioni, nyumbani, Mwashi alisimulia. Alisimulia kwa mikono, kama walivyozoea humo ndani, na kadiri hasira ilivyompanda ndivyo vidole vyake vilivyodondosha unga mweupe, mwepesi, ulioenea juu ya meza na sahani.

"Baba wee, kasemee uani," mkewe alimwonyesha kwa mikono yake. "Nimefagia sasa hivi."

"Mwache, mdogo wangu," alisema Shemeji. "Wanaume wengine wanaleta nyumbani harufu ya pombe. Huyu wako analeta unga."

"Unga gani usiopikika?"

Mwashi aliacha kusimulia. Aliuchota ule unga kwa ncha ya kisu, akaunusa, akatia tone la maji kwenye kisosi, akaukoroga. Walipomaliza kula, kisosi kilikuwa kimeshikamana na kisu, na mkewe alilazimika kukivunja. Alilalamika kuhusu kisosi. Mwashi hakumtazama midomo. Alikuwa akitazama mahali ambapo kisu kilishika, kisha akatazama magurudumu ya kiti cha Shemeji, kisha akacheka kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Kesho yake aliandika ombi fupi la kuruhusiwa kuyatumia mawe ya nyuma ya jengo nje ya saa za kazi. Mkuu alilisoma akiwa amesimama.

"Yanaziba njia ya gari langu," alisema. "Chukua. Ila usitarajie senti ya ofisi hapo, na usije ukasema nilikutuma."

Nyuma ya jengo, juu kwenye ghorofa, kulikuwa na mlango wa dharura uliotokeza kwenye kibaraza chembamba, na kibaraza kiliishia hewani, kwa kuwa ngazi zake za chuma ziliibwa zamani. Huko ndiko Mwashi alikoupeleka mteremko wa mawe, wa kupandishia kiti cha Shemeji. Aliuanzia kwenye lango la uani, akaupeleka taratibu hadi ukuta wa jirani, akaukunja, akaurudisha. Alilaza mawe ya ardhi chini kabisa, maana ndiyo yaliyoweza kubeba. Juu yake alipanga ya maji, ya shule, ya hospitali. Kokoto za danadana alizishindilia katikati. Alivuta kamba, akashusha timazi, akarudi nyuma kutazama, akabomoa pale alipoona pamekaa kiholela. Mkewe alileta maji. Chokaa ilitoka mikononi mwa Mwashi mwenyewe. Kila ilipopungua, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaikumbuka meza ile iliyocheka, akaanza kueleza kwa mikono, peke yake, akiwa ameuelekea ukuta. Chombo kilijaa upesi.

Habari zilienea kwenye foleni. Watu walipomaliza dirishani walishuka, wakazunguka nyuma. Mwalimu mstaafu alipita akiburuza fimbo yake juu ya kuta za mteremko, akasimama.

"Hili langu," alimwambia mlinzi. "La bomba."

"Unalijuaje, Mwalimu?"

"Nisilijue vipi nami nililisema?"

Bomba lilikuwa bado linavuja. Mwalimu aliligusa jiwe lake, akavaa kofia, akaenda zake.

Mteremko ulipofika juu, ulibakiza pengo. Kati ya jiwe la mwisho na kibaraza palihitajika jiwe moja refu, bapa, lisilo na ufa, la kukaa kama kizingiti. Mwashi alilitafuta kwenye lundo mpaka lundo likaisha. Kila siku alisimama dirishani akingojea mtu atakayelisema. Walileta mazito, walileta makali, mwanamke mmoja alileta jiwe jeusi lililovunjika vipande lilipogusa kaunta, na Mwashi alifunga dirisha kwa muda kwa heshima yake. Lakini hilo refu halikuja. Mwaka wa fedha ulikuwa ukingoni, na msimamizi wa karakana alikuwa ametuma neno kwamba cherehani haiwezi kungojea zaidi. Mlinzi aliinua ubao wa benchi lake, akaupanda nao mteremko, akaulaza juu ya pengo.

"Nitasimama," alisema. "Kusimama ndiyo kazi yangu."

Shemeji alikuja siku ya mwisho ya kuandikisha, amevaa gauni alilolishona mwenyewe na glavu alizozitengeneza kwa vipande vya turubai, ili viganja visichubuke. Aliutazama mteremko kutoka chini.

"Umeukunja mno, shemeji," alimwambia Mwashi kwa mikono. "Nitafika nimezeeka."

"Ungekuwa mkali zaidi, ungerudi kinyumenyume hadi barabarani."

"Na wewe ungenidaka?"

"Ningekuwa dirishani. Niko kazini."

Alimpiga kofi la utani begani, akashika magurudumu. Mwashi hakumsukuma. Alitembea nyuma yake akiwa ameweka mikono mgongoni, kama afanyavyo fundi anapokabidhi nyumba. Shemeji alipanda polepole, akapumzika penye kona, akafuta jasho, akaendelea. Juu ya mawe ya shule magurudumu yalitetemeka kidogo. Ubao wa mlinzi ulinesa, ukashika. Mlango wa dharura ulifunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu Mpango uanze, mwombaji aliyekalia kiti cha magurudumu alifika mbele ya meza ya Mpango.

Mkuu alikuwa akinywa chai. Alishusha kikombe.

"Umefikaje?"

"Kwa magurudumu yangu, Mkuu."

"Hukubebwa?"

"Sikubebwa."

"Hukusukumwa?"

"Muulize huyo. Mikono yake ilikuwa nyuma."

Mkuu aliinama, akaandika kwa mwandiko mzuri, akapuliza wino ukauke. Kisha alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kweli, jambo ambalo Mwashi alilikumbuka kwa uchungu kuliko mengine yote. Hakuwa akimdhihaki mtu. Alikuwa akitekeleza.

"Basi nakupongeza, mama. Mpango huu ni wa watu ambao ulemavu wao unawazuia kuyafikia yale wanayoyafikia wengine. Wewe umefika. Umefika mwenyewe, bila msaada, mpaka ghorofani. Kwa hiyo huzuiwi, na asiyezuiwa hatuwezi kumwandikisha. Itakuwa ni kuwadhulumu walio chini."

"Walio chini hawawezi kuja kuandikishwa," alisema Shemeji.

"Ndiyo maana nafasi zao tunazilinda."

Nafasi ya cherehani ililindwa kwa kupewa mpwa wake Mkuu, binti mwenye afya njema aliyevaa miwani ya kusomea. Alianza kazi Jumatatu. Sindano ilimchoma, akahamishiwa masjala, na cherehani ikafunikwa tena kwa kitambaa kilekile.

Lakini siku ile, pale pale mezani, Mkuu alimgeukia Mwashi kabla hajasahau, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza jambo. Alisema taratibu, akichezesha midomo vizuri ili asomeke. Taarifa zilikuwa zimemfikia, tena kutoka kwa wananchi wenyewe, kwamba tangu Mwashi akae dirishani watu wanasikilizwa. Walikuwa wakilitaja hilo waziwazi, barabarani na penginepo. Ofisi ilikuwa imemwajiri kama kiziwi. Mtu anayesikiliza malalamiko ya umma kutwa nzima, akayaelewa, akayapanga, hawezi kuendelea kuishika nafasi ya kiziwi bila kuiingiza ofisi kwenye uongo. Shati arudishe likiwa limefuliwa.

Mwashi alisimama wima. Mikono yake ilitaka kujibu, akaizuia, maana chokaa ingemwagika juu ya zulia la serikali na mfagiaji ndiye angesumbuka.

Shemeji hakupiga kelele. Alivua glavu zake, akaziweka mapajani, akamtazama Mkuu usoni, akasema, na Mwashi aliona kila herufi ikitoka:

"Mimi nilikuja kushona."

Jiwe liliangukia meza. Lilikuwa refu, bapa, lisilo na ufa, na miguu ya meza ilizama sakafuni kidogo. Mafaili yaliruka. Hewa juu yake ilitetemeka kama inavyotetemeka juu ya bati wakati wa jua kali. Mkuu aliinua kikombe chake kwa wakati, akasubiri meza itulie.

Mwashi hakuhitaji kamba. Alilipima kwa jicho, urefu, upana na unene. Lilikuwa lile. Aliomba kwa ishara ambayo hata mtoto angeielewa: hili, pale, niruhusu. Alinyoosha mikono kuliinua, likamchoma viganja, akanyoosha tena.

"Acha," alisema Mkuu. "Limeangukia meza ya serikali. Ni mali ya serikali."

Walishuka kwa njia waliyopandia. Mlinzi alikuwa bado amesimama kando ya ubao. Shemeji alipovuka pengo alimwambia tu, "Chukua ubao wako, kaka. Miguu yako nayo ni miguu."

Mheshimiwa alikuja kuuzindua mteremko mwezi uliofuata. Alisifu mawe, aliyoyaita ya kienyeji, akasifu ubunifu wa Kitengo, akakata utepe huku kamera zikimfuata. Alipanda akishangiliwa hadi kwenye pengo, akaruka kwa wepesi, kwa kuwa alikuwa mwanamichezo ujanani, na picha ya kuruka kwake ndiyo iliyochapishwa. Chini, kando ya lango, watu waliokuja na viti vyao na magongo yao walionyeshwa mahali pa kuegesha. Mteremko ukaandikwa kwenye taarifa ya mwaka kuwa umekamilika. Sasa gari la Mkuu huegeshwa penye kona ya kwanza, kwa sababu pana kivuli.

Dirishani amewekwa kijana mwenye masikio mazuri sana. Mfagiaji anabeba ndoo kila jioni, na lundo limeanza upya.

Mwashi amerudi kubisha hodi kwenye majengo ya watu. Jioni anasimulia kwa mikono, mkewe hamfukuzi tena kwenda uani, na Shemeji, anayeshona sare za shule kwenye kibaraza chake, huukusanya ule unga mweupe kwenye makopo na kuyafunga vifuniko, akiyapanga ukutani moja juu ya jingine. Hawajasema yatajenga nini.

Jiwe la Shemeji liko pale pale lilipoanguka. Wanaume wanne walijaribu kulisogeza wakashindwa, na ofisi ikaliandika katika orodha ya samani. Halijapoa. Mkuu ameligundulia matumizi: kila asubuhi huweka kikombe chake juu yake, akasaini mafaili, akapokea wageni, akazungumza kwenye simu kwa muda mrefu anaotaka, na anapokinyanyua, kinywa chake kinakutana na chai inayofuka moshi. Ameisifia mbele ya wenzake. Anasema katika miaka yake yote ya utumishi hajapata kunywa chai iliyokaa moto namna hiyo.